Uzoefu wangu: fundi wa kupima mawasiliano ya kompyuta za eskaveta, anayekufuata saiti

Kama una eskaveta iliyotumika na skrini inakuandikia kwamba kompyuta ya injini haipatikani, usikimbilie kununua kompyuta. Tafuta kwanza mtu mwenye mita na subira. Mimi nimempata, na naeleza alichofanya kwa urefu kidogo kwa sababu wenye mitambo tunauziwa sana vipuri ambavyo mashine haikuvihitaji, na inaniuma.

Mashine yangu ni ya Kijapani, tani 20, ilishuka bandari ya Dar es Salaam ikiwa tayari imefanya kazi miaka mingi kwa wenyewe. Inapakia mawe kwenye machimbo ya kokoto Lugoba. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuja na kuondoka. Asubuhi inawaka vizuri. Jua likipanda na injini ikishapata moto, opareta akinyanyua mkono na mzigo, joto la injini linapotea kwenye skrini, mzunguko wa injini unagandia pale pale hata ukizungusha swichi ya mafuta, na haidroli inalegea. Ukizima na kuwasha, inapona. Baada ya muda, yale yale.

Fundi wa kwanza alichomeka kompyuta yake, akasoma namba za hitilafu, akatoa hukumu: kompyuta ya injini imekufa, iliyotumika ipo, milioni nane. Hakufungua hata mfuniko mmoja. Na hakugusia kwamba kompyuta iliyotoka kwenye mashine nyingine mara nyingi lazima ipangwe upya kwa modeli yako, na kwamba kwenye injini nyingi za komoni reli (zile ambazo kompyuta ndiyo inayoamuru nozeli zinyunyize mafuta) namba za nozeli nazo huingizwa upya. Milioni nane ingekuwa mwanzo tu wa gharama.

Huyu wa pili nilielekezwa na mwenye mashine jirani. Kijana mpole, anakuja na kompyuta ndogo, mita, na boksi la pini. Aliposoma alipata SPN 639, FMI 9: SPN inataja sehemu yenye hitilafu, hapa njia ya mawasiliano ya kompyuta, na FMI inataja aina ya hitilafu, hapa ujumbe kutofika kwa wakati. Nikamwambia wa kwanza naye alisoma hivyo hivyo. Akanijibu: “Bosi, hii namba inasema kuna asiyesikika. Haisemi amekufa.”

Akanichorea kwenye vumbi la boneti. Mashine hizi zina kompyuta tatu au zaidi: ya injini, ya pampu, ya skrini. Zote zinaongea kupitia nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mfumo wa CAN ambao Bosch waliutambulisha mwaka 1986; kwenye mitambo mikubwa kanuni iliyoenea ni SAE J1939. Waya mmoja ni CAN-H, mwingine CAN-L, na kila mwisho wa njia una rezista ya omu 120. Kwa kuwa hizo mbili zimekaa sambamba, ukipima kati ya nyaya hizo umeme ukiwa umezimwa, mita isome karibu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Ikisoma 40, kuna mtu kaongeza rezista ya tatu isiyohusika.

Akazima swichi kuu ya betri, akapima kwenye plagi ya pini tisa, kati ya C na D. Ikasoma 60 safi kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini, kwa sababu hakuridhika. Alisema 60 haimalizi kesi: kompyuta isiyo na rezista ndani yake inaweza kukatika na mita isionyeshe chochote, tena mashine ilikuwa baridi wakati ugonjwa ni wa moto. Akamwomba opareta apige kazi mpaka hitilafu itokee. Ikatokea. Wakazima, akarudi na mita, akawa anatikisa mafungu ya nyaya moja baada ya jingine, kuanzia chini ya kiti kwenda nyuma. Alipofika kwenye plagi inayopita ukuta kati ya kibanda na chumba cha injini, mita ikaruka kutoka 60 hadi 120.

Ndani ya plagi pini moja ilikuwa na ukungu wa kijani na tundu lake limelegea. Raba ya kuzuia maji haikuwepo. Mashine za mtumba huoshwa kwa maji ya presha zing’ae kabla ya kuuzwa, na plagi isiyo na raba hunywa maji hayo. Sentimita chache pembeni tukakuta mabaki ya kifaa cha kufuatilia mashine alichofunga mmiliki wa zamani: kimeng’olewa, ncha zake zimeachwa kwenye waya wa CAN zikiwa zimezungushiwa tepu tu. Hilo lingekuja kuwa tatizo la pili.

Alikata, akabana pini mpya kwa koleo lake maalumu. Nilipouliza kwa nini asiunge kwa risasi, alisema mtikisiko wa mashine hukata waya pale risasi inapoishia. Nyaya akazirudisha zikiwa zimesokotwa mpaka karibu na plagi. Mwisho akawasha na kupima volti kati ya kila waya na bodi ya mashine: CAN-H karibu 2.7, CAN-L karibu 2.3, jumla kama 5. Kompyuta ya injini ni ile ile niliyonunua nayo mashine, na inafanya kazi.

Kasoro zipo. Raba ya plagi hakuwa nayo, ilibidi tuisubiri kutoka Dar, na siku hizo mashine ilisimama. Programu yake haisomi kila chapa kwa undani, kwa hiyo mpigie simu umtajie modeli kabla hajafunga safari. Ripoti aliniandikia kwa ujumbe wa simu. Ningependa karatasi yenye vipimo, maana siku ya kuuza mashine inasaidia. Nilimlipa laki nne na nusu pamoja na nauli, na pini juu yake. Kwangu ni bei ya haki.

Kwa anayekwenda kukagua mashine ya mtumba: usikubali kuionyeshwa ikiwa ya baridi. Ifanyishwe kazi mpaka ipate moto, kisha fungua historia ya hitilafu kwenye skrini, nyanyua kiti utazame tepu na viungio vya kienyeji, na uliza kama imewahi kuchomelewa bila kuchomoa betri na kompyuta. Muuzaji akikukatalia kufungua hata plagi moja, punguza bei au ondoka.