Mazda Roadster ya Paa la Kukunja, Namba C, Inauzwa Milioni 13 na Nusu: Chupa ya Maji Imeniambia Nitoe Ngapi

Wadau wangu, habari za huko mliko. Leo sipo gereji. Nipo Area D hapa Dodoma, chini ya mwarobaini, na huo mwarobaini naomba muukumbuke, nitaurudia. Nyuma yangu ni Mazda Roadster, wengine mnaiita MX-5, ya mwaka 1999, injini 1600, gia ya mkono, usajili namba C. Mwenyewe anaomba milioni 13 na laki 5. Dalali aliyenileta kaniambia, "Bosi wangu, gari ipo vizuri, ni kuwasha na kuondoka." Nimekaa nalo tangu saa mbili asubuhi, na sitaondoka hapa kabla sijawaambia mimi ningetoa shilingi ngapi na kwa nini.

Historia yake naipitia haraka, maana mnaoijua mnaijua. Ya kwanza ilionyeshwa Chicago mwaka 1989. Hii ni kizazi cha pili, kile kilichoanza 1998, taa za mbele zimetulia, hazichomozi juu kama za ile ya kwanza. Watu wawili tu, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma, uzito karibu tani moja. Kufikia mwaka 2016 walikuwa wameshatengeneza zaidi ya milioni moja, kwa hiyo spea zipo duniani. Tatizo ni kwamba duniani siyo Majengo wala Kizota hapa mjini kwetu. Ukienda dukani, taja namba ya chesisi inayoanza na NB6C, usiseme tu "Mazda", watakupa kitu cha Demio, Mazda nyingine kabisa.

Sasa njoo na kamera huku. Paa.

Paa la hili gari ni turubai, na unalifungua kwa mkono. Komeo mbili hapa juu ya kioo cha mbele, unafyatua moja, unafyatua ya pili, unasukuma nyuma. Angalieni. Moja. Mbili. Limelala. Sijashuka kwenye siti! Hapo ndipo ninapolipenda gari hili kuliko SLK ya Mercedes. Najua wapenzi wa SLK mtanijia juu kwenye maoni, njooni tu. SLK ile ya kwanza ina paa la bati linalojikunja lenyewe kama sekunde 25, linapendeza mno, lakini linasukumwa na mafuta ya haidroliki, kuna pampu, kuna silinda, na zikifika miaka 20 zinaanza kuvuja. Nani hapa Dodoma anazifungua zile silinda akabadilisha sili? Mimi sijampata. Hapa hakuna pampu. Kuna mkono wako.

Ila turubai lenyewe, tusidanganyane. Sogea. Hapa kwenye mkunjo, juu ya dirisha la dereva, nyuzi za mshono zimekatika kama kidole kizima. Jua la Dodoma limelikausha, ukiligusa linakwaruza kama karatasi ya msasa. Kioo cha nyuma ni kizima, asante Mungu. Dalali anasema, "Huo mshono unarudishiwa tu na fundi wa siti." Fundi wa siti atashona, ndiyo, lakini sindano ikipita kwenye turubai lililokauka inaongeza matundu. Hili ni la kubadilisha. Turubai lililotumika kutoka Japani, likitafutwa Dar na kufungwa hapa, mimi nimepewa bei ya milioni 1 na laki 6 na ufundi wake. Andikeni hiyo.

Lakini siyo turubai lililonileta. Tundu ndilo lililonileta.

Ngoja nieleze vizuri, maana hiki kitu wauzaji wengi hawakijui na wanunuzi ndiyo kabisa. Maji ya mvua yakianguka kwenye turubai hayaishii pembeni kama kwenye gari la bati. Yanateremka kwenye mfereji wa mpira nyuma ya siti, yanaingia kwenye tundu moja kila upande, pale mkanda unapotokea. Ndani ya tundu kuna bomba jembamba, linapita ndani ya bodi, linamwaga maji chini ya gari mbele kidogo ya tairi la nyuma. Hata turubai liwe jipya kabisa, maji lazima yapite humo. Bomba likiziba, maji yanajaa, yanapanda, halafu yanakwenda yanakotaka: kwenye kapeti na ndani ya ubavu wa chini wa gari, pale unapopakanyaga ukiingia. Na ule ubavu ni bati tupu kwa ndani.

Sasa fikirini mji wetu. Mvua hapa zinaanza Desemba, zinaisha Aprili. Miezi yote iliyobaki ni vumbi na upepo. Vumbi linaingia kwenye lile tundu, kila siku kidogo, hakuna maji ya kulisafisha. Na mwarobaini? Majani yake ni madogo, yanaingia hadi ndani. Gari hili limelala chini ya mti huu miaka miwili, mwenyewe kaniambia.

Nina chupa ya nusu lita. Naanza kushoto, upande wa abiria. Namimina taratibu. Msaidizi wangu, weka kamera chini, nyuma ya mlango. Mnaona? Moja, mbili, tatu, nne... yanatoka! Yanatoka mekundu, yanachora kijito kwenye vumbi. Upande huu unapumua.

Kulia. Upande wa dereva. Namimina. Nimemimina kama robo ya chupa. Chini vipi? Pakavu. Namimina tena kidogo. Angalieni hapa kwenye tundu, maji yamesimama, yanang'aa tu, nauona uso wangu. Tunahesabu. Kumi. Ishirini. Thelathini. Hata tone. Nachovya kidole hivi, nakitoa: huu ni udongo, mzito kama uji wa ulezi, na hili hapa ni jani la mwarobaini. Tazama lilivyo, bado lina meno yake.

Sina hasira na mwenye gari, naomba nieleweke. Ni kaka muungwana, kanifungulia geti, kanipa na chai. Yeye mwenyewe kashangaa. Alinunua kiangazi, na leo anauza kiangazi, Septemba. Kwenye jua kila paa ni zima!

Na mimi yalinikuta. Miaka kadhaa nyuma nilinunua gari la wazi la aina nyingine, mwezi wa nane, kwa mtu mmoja wa hapa hapa mjini. Nililipa bei ya gari zima. Desemba ikaja mvua ya kwanza, ile inayonyesha usiku kucha, asubuhi nikakanyaga kapeti likalia chwa. Nilikausha wiki nzima. Harufu haikuisha. Fundi bodi alipofungua ubavu akaingiza bisibisi hadi kwenye mpini. Nilimpigia aliyeniuzia, akaniambia mauziano yameshafungwa. Ndiyo maana siku hizi naibeba hii chupa kila ninapokwenda kuangalia gari la paa la kukunja.

Kwa hiyo sasa swali: maji ya upande wa kulia yamekuwa yakienda wapi miaka miwili? Nina sumaku ndogo, nimeifunga kitambaa nisichubue rangi. Ubavu wa kushoto, karibu na tairi la nyuma: tap! Imeshika. Hapa, imeshika. Hapa, imeshika. Njooni kulia. Karibu na mlango, imeshika. Nasogea nyuma. Imeshika kidogo. Nasogea... imeanguka. Narudia msije mkasema nimeilegeza. Imeanguka tena. Huo upana, tangu hapa hadi hapa, ni kiganja na nusu, siyo bati. Ni puti. Mtu alikata kutu, au hakukata, akajaza puti, akapiga rangi. Rangi imepigwa vizuri, sikatai, huyo fundi rangi ana mkono. Lakini puti haibebi gari.

Kabla sijafika kwenye hesabu, taarifa ndogo ya chaneli. Video za Jumatano zinahamia Jumamosi, kwa sababu wengi mmesema Jumatano mpo kazini, mnaangalia nusu nusu. Na Jumamosi ijayo nipo Kibaigwa, kwenye pikapu za kubebea mahindi. Kama hujajiunga, jiunge, bonyeza na kengele.

Nimeliendesha pia. Nilitoka hapa nikaishika barabara ya Dar hadi karibu na Mtumba kwenye Mji wa Serikali, nikageuza. Jamani. Gia yake ni fupi, unasogeza kifundo cha mkono tu na imeingia, tak, tak. Asubuhi kile kibaridi cha Dodoma kinakupiga usoni, unasikia harufu ya udongo, mbele vilima vimekaa kama ng'ombe waliolala. Niliporudi nilikuwa nimeshasema moyoni milioni 11 natoa. Kweli kabisa. Ndiyo maana kanuni yangu ni kuendesha kwanza, kukagua baadaye. Ukiendesha mwisho, utalipa ukiwa bado umelewa ule upepo. Matuta lakini ni shughuli, tumbo la gari liko chini mno, kwenye matuta ya Nzuguni nilipita kwa mshazari.

Injini inavuta, haivuti oili, moshi hakuna. Belti ya taimingi mwenyewe hajui ilibadilishwa lini. Kama hajui, mimi nahesabu haijabadilishwa. Belti na pampu ya maji, pamoja na ufundi, laki 4 na nusu. Matairi yamepasuka pembeni kwa jua japo kashata zake, yale meno ya kushika barabara, bado zipo. Manne, laki 6 na nusu. Ubavu wa kulia ukatwe, uchomelewe bati jipya, upigwe rangi: fundi bodi wangu wa Kizota, mzee ninayemwamini, nimemtumia picha kasema laki 9. Turubai mliandika, milioni 1 na laki 6. Tundu lililoziba ni bure. Kamba laini ya plastiki, ile ya mashine ya kufyekea majani, unaiingiza polepole huku unamimina maji. Msitumie waya mgumu, mtatoboa lile bomba, halafu mtakuwa mmejitengenezea ugonjwa mwingine.

Jumla milioni 3 na laki 6.

Sasa, gari hili hili likiwa halina tatizo, maji yanatoka pande zote, ubavu bati, mimi ningetoa milioni 12. Siyo 13 na nusu, maana ni la watu wawili, na siku utakayotaka kuliuza hapa Dodoma utasubiri. IST unatangaza asubuhi, jioni limeondoka. Hili utakaa nalo. Toa 3 na laki 6, inabaki 8 na laki 4. Halafu natoa laki 6 nyingine kwa ajili ya nisichokiona, kwa sababu puti ikibanduliwa huwa kidonda kinakuwa kikubwa kuliko sumaku ilivyosema. Inabaki milioni 7 na laki 8.

Dalali kanipinga. "Bosi, redio tu hii laki 7, rimu milioni 1, hujazihesabu." Sijazihesabu na sitazihesabu. Redio haizuii mvua. Akaniambia kuagiza lingine ni gharama zaidi, na hapo kasema kweli, gari la umri huu ukiliingiza leo unakutana na ushuru wa uchakavu pale TRA. Lakini hiyo ni bei ya gari lingine. Mimi nanunua hili, lenye maji yaliyosimama kwenye tundu.

Kadi ina jina la mwenyewe, namba ya chesisi nimeilinganisha, deni la faini za barabarani hakuna. Hapo yuko safi.

Basi nimekaa naye hapo barazani, nikamwonyesha chupa na sumaku, tukahesabu pamoja kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Nikamwambia, kaka, saba na laki nane, nalipa leo, uhamisho juu yangu. Kanyamaza. Kaenda akaichukua ile sumaku, akaipitisha ubavuni yeye mwenyewe, ikaanguka, akaiokota. Kaniambia, "Nipe mpaka Ijumaa, niongee na mama watoto." Nimemwachia sumaku. Chupa nimeondoka nayo, kesho naangalia lingine Kisasa. Jumamosi nitawaambia alichosema, kabla hatujaingia kwenye pikapu za Kibaigwa.