Vidonge vya "viungo, kano na mifupa" vyote kwenye kopo moja: nyota 2

Haya nimemaliza kopo, niseme ukweli wangu. Jina la kampuni silitaji, na vya aina hii viko kibao na vyote vinaahidi yale yale.

Kabla hujalipa geuza kopo usome nyuma. Mbele wameandika KOLAJENI (ile protini ya kwenye kano na viungo) kwa herufi za kushtua, nyuma unakuta dozi ina miligramu 200. Mia mbili tu jamani! Kwenye tafiti watu hupewa gramu, kama 10 hivi kwa siku, yani ungehitaji dozi 50, na dozi moja ni vidonge vinne tena vikubwa balaa, piga hesabu mwenyewe. Kalsiamu nayo 120mg wakati mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku, glasi ya maziwa inaipita mbali, au wale samaki wadogo unaowatafuna na mifupa yao.

Glukosamini, ile inayouzwa kwa ajili ya maumivu ya viungo, hapo hawajabana, 1,500mg kamili, ndo kipimo kinachotumika kwenye tafiti. Shida ni kwamba ule utafiti mkubwa wa Marekani wa GAIT, majibu yalitoka 2006, wagonjwa wa magoti zaidi ya 1,500, kwa ujumla waliomeza glukosamini na kondroitini (mwenzake, mara nyingi huuzwa pamoja) hawakuwazidi waliomeza vidonge vya kulinganishia visivyo na dawa ndani. Na kama unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiguse glukosamini bila kuongea na daktari, inaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Wenye mzio wa kamba na kaa pia wasome lebo vizuri maana mara nyingi inatokana na magamba yao.

Vitamini D 1,000 IU (kipimo cha vitamini), hapo safi. Meza na chakula chenye mafuta kiasi, sio kikavu, ila kama una kopo lingine la vitamini D nyumbani jumlisha, usipite 4,000 kwa siku kiholela.

Kano ya kisigino changu imepoa kweli, lakini siwapi hawa sifa hiyo, kipindi hicho hicho mtu wa fiziotherapia alinianzishia zoezi la kunyanyuka kwa vidole taratibu nimebeba mzigo, linachosha na linaboa ila ndo ninaloliamini.

Kwa hiyo kama daktari kakukuta na upungufu wa vitamini D nunua vitamini D yenyewe, basi. Nyota moja ni ya hiyo vitamini, ya pili nimewapa kwa sababu angalau wameandika miligramu za kila kitu, wengine wanakuandikia "mchanganyiko maalum" halafu kimya.