iPhone ya kununua Lubumbashi: 13 kwanza, 14 iache

Kabla ya kutoa dola, jiulize toleo hilo limeongeza nini juu ya lile lililolitangulia. Apple bado inabuni, lakini inagawa kwa kijiko, na kitu kizuri huanzia kwenye Pro za bei kubwa. Kioo cha hezi 120, kinachobadilisha picha hadi mara 120 kwa sekunde ili mwendo uwe laini, kiliingia kwenye 13 Pro mwaka 2021. iPhone ya kawaida ilikipata 2025, kwenye 17. Kwa hiyo namba kubwa si lazima iwe simu bora, hasa ukinunua iliyokwisha kutumika, kama wengi wetu.

1. iPhone 13. Ina chipu ya A15, kioo cha OLED (rangi kali, nyeusi ni nyeusi kweli), na nafasi inaanzia GB 128. Betri yake ni mAh 3227. Ya iPhone 12 ni 2815, na tofauti hiyo utaijua siku umeme ukikatika Katuba tangu asubuhi. Ipe chaja ya wati 20: kwa nusu saa inafika karibu asilimia 50, hivyo umeme ukirudi kidogo tu umeshapata kitu. Chaja ndogo ya zamani ya wati 5 haiwezi hilo.

2. iPhone 15, kama mfuko unaruhusu. Ina mlango wa USB-C, ambao Apple iliuweka baada ya Umoja wa Ulaya kuulazimisha kwa sheria, na sasa waya mmoja unatosha nyumba nzima. Apple inasema betri yake hubaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 1000 ya kuchaji. Za 14 kurudi nyuma, mizunguko 500. Kwa simu inayopita mikono miwili, hilo ni jambo kubwa.

3. iPhone 11, kwa mfuko mdogo. Haina 5G na kioo chake ni LCD, aina ya zamani, lakini inapokea iOS 26, mfumo wa simu za Apple, wakati XR na XS zimeishia 18. Ya GB 64 iache. Video za WhatsApp zitaijaza.

Na 14? Chipu ni A15 tena, karibu ileile ya 13. Mbaya zaidi, 14 zilizouzwa Marekani hazina kabisa mahali pa kuingiza laini, ni eSIM tu (laini ya ndani ya simu, isiyo na kadi), na 15 za huko ni hivyo hivyo. Mtu mwenye laini ya Vodacom na ya Airtel mfukoni atafanya nini nayo? Fungua Réglages, Général, Informations, usome namba ya modeli: LL/A mwishoni ni ya Marekani. ZA/A ya Hong Kong au CH/A ya China ndiyo ya kutafuta, maana 11, 13 na 15 za huko hubeba laini mbili za kawaida. Herufi ya mwanzo nayo inasema: M iliuzwa mpya, F ilitengenezwa upya na Apple, N ilitolewa badala ya iliyoharibika.

Hapo hapo kwenye Informations, shuka chini. Ukiona « Pièce inconnue » kwenye betri au kioo, kipande si cha asili au hakikusajiliwa, punguza bei. Simu ya 2021 iliyotumika inayoonyesha afya ya betri asilimia 100 karibu hakika imebadilishiwa betri, kwa hiyo uliza ni betri gani. Inauma: kobalti, madini ya betri, inatoka zaidi kwetu Congo kuliko nchi nyingine yoyote, na fundi wa Kamalondo bado anahangaika kupata betri ambayo simu itaikubali. Tena betri iliyochoka huipunguzia simu mwendo. Kwa kutowaambia wanunuzi jambo hilo, Apple ilitozwa euro milioni 25 Ufaransa mwaka 2020. Kwa hiyo 11 inayokwama huenda inataka betri tu.

Jaribu Face ID (kufungua simu kwa uso) mara tatu, kisha vuta chini kutoka pembe ya juu kulia na ushikilie alama ya mwanga wa kioo: True Tone, inayorekebisha rangi kufuata mwanga wa mahali, isipoonekana, kioo karibu hakika kimebadilishwa.

La mwisho usiliruke hata muuzaji akiharakisha: aifute simu mbele yako, nawe uiwashe upya kwa intaneti yako. Ikidai akaunti ya mtu mwingine, irudishe. Hiyo imefungwa na mwenyewe, na fundi hawezi kuifungua kihalali.