Mahali Pasipo na Daktari: kinunue, ila kurasa za dawa zisome kwa tahadhari

Mtu akiniuliza anunue kitabu gani cha afya cha kukaa nacho nyumbani, namtajia kimoja tu, halafu namwekea sharti. Kitabu ni Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner. Sharti ni kwamba akipata nakala ya zamani, asithubutu kumpimia mtu dawa kwa kufuata kurasa za nyuma. Wanaokisifia kitabu hiki mara nyingi hulisahau sharti hilo, na wanaokiponda kwamba kimepitwa na wakati wameishia kwenye kurasa hizohizo za nyuma.

Werner mwenyewe si daktari. Alisomea biolojia, akaenda kukaa na wanakijiji wa Ajoya, kwenye milima ya jimbo la Sinaloa huko Mexico, na kitabu kikazaliwa kule kwa Kihispania. Cha Kiingereza kilitoka mwaka 1977. Shirika la Hesperian la California, Marekani, ndilo linalokitunza, na kimeshatafsiriwa kwa lugha zaidi ya 80.

Mambo ya Mexico yanatuhusu nini sisi? Nenda kwenye ukurasa wa utosi uliobonyea. Kule wazee waliamini ubongo wa mtoto umeteremka, kwa hiyo wakawa wanamgeuza kichwa chini miguu juu, au wananyonya utosi ili upande. Nani huku kwetu hajamsikia bibi akiuzungumzia utosi wa mtoto kana kwamba wenyewe ndio ugonjwa? Kitabu hakimcheki bibi. Kinaeleza taratibu kwamba utosi umebonyea kwa sababu mtoto ameishiwa maji mwilini kwa kuharisha au kutapika, kisha kinakuonyesha kwa michoro namna ya kuyarudisha.

Sisi ni wakulima wa mpunga bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, Tanzania. Msimu ukianza, familia nzima inahamia shambani, kwenye dungu, na masika ikikolea hakuna bodaboda inayokubali kuja huku. Zahanati ipo, lakini ng'ambo ya maji. Mtoto akichemka usiku, kinachoniumiza kichwa ni kama anaweza kusubiri kupambazuke au tutafute mtumbwi sasa hivi. Vitabu vingi vya afya nilivyowahi kushika havigusi swali hilo. Vinakueleza faida za tangawizi.

Hiki kinaligusa, na ndiyo sababu nakipenda. Kuna sura nzima ya kumtazama mgonjwa: macho, ngozi, mapigo ya moyo, anavyopumua, anavyokojoa. Kinafundisha kukaa na saa na kuhesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kazi ambayo mtu yeyote mwenye simu anaiweza. Wahudumu wa afya leo wanatumia viwango hivi: mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha pumzi 50 kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, huyo anapumua haraka kuliko kawaida, na kama ana kikohozi shuku nimonia. Chini ya miezi 2 ni 60. Ukiona na mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta hewa, usisubiri kupambazuke. Kuna pia orodha ya dalili za hatari zinazotaka mgonjwa apelekwe hospitali bila kujadiliana: degedege, shingo kukakamaa, damu isiyokatika, mjamzito anayetokwa na damu. Kurasa hizo nimezitoa kopi na kuzigawa kwa majirani wa mashamba ya karibu. Hesperian wanaruhusu kunakili mradi usiuze kwa faida, kwa hiyo hapo hakuna wizi.

Kwa kuharisha, dawa yake ya nyumbani ni maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vikiwa vya kufutwa, si vya kujaza kilima. Matoleo ya zamani yana sukari zaidi kidogo. Kuna kanuni moja ambayo hata asiyejua kusoma haisahau: onja kwanza, na yasizidi machozi kwa chumvi. Chumvi ikizidi, mtoto anaweza kuumia vibaya. Pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari uliokwisha kupimwa, zikiwepo dukani tumia hizo, na umpe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Ushauri wa zinki ulitolewa na WHO na UNICEF mwaka 2004, kwa hiyo ukitafuta kwenye nakala kuukuu hutauona.

Sehemu iliyonifurahisha kuliko zote ni ile ya matumizi mabaya ya dawa za kisasa. Jamani, mzee huyu aliyekaa Mexico alituona! Mgonjwa wa kwetu akitoka zahanati bila sindano anaona hakutibiwa. Akipewa vidonge anasema "wamenipa Panadol tu". Na dripu je? Mtu mwenye uchovu wa palizi anauza kuku ili atundikiwe chupa "aongezewe nguvu". Werner anasema bila kuzunguka kwamba yale ni maji safi yenye chumvi au sukari kidogo: nguvu yake haifiki ya peremende kubwa, na damu haiongezeki bali inakuwa nyepesi. Dripu ina kazi yake kwa aliyeishiwa maji kabisa au asiyeweza kunywa. Mwenye uwezo wa kumeza, ameze. Na sindano isiyo ya lazima inaweza kukuachia jipu, au kukuambukiza homa ya ini kama haikuwa safi. Niliusoma ukurasa ule kwa sauti kwenye kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopa, ikazuka zogo ambalo lilikula muda wote wa kununua hisa.

Tiba za asili nazo hakizitupi. Kinakupa namna ya kuzipima. Ugonjwa wenye dawa chungu nzima, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna hata moja inayofanya kazi. Dawa inayotia kinyaa, kama mavi ya mnyama kwenye kidonda, iogope. Dawa inayofanana na ugonjwa, kama kitu chekundu cha kuzuia damu ya pua, nguvu yake ni imani tu. Halafu kinakiri kwamba imani nayo husaidia katika baadhi ya maradhi, jambo ambalo sikulitegemea kwenye kitabu cha afya. Kile kipande cha uzi tunachombandika mtoto kwenye paji la uso akishikwa na kwikwi, kwa kipimo hicho, hakidhuru. Endelea nacho.

Sasa lile sharti. Nakala yangu nilipewa na tabibu mstaafu, imetumika hadi jalada limeng'oka. Sehemu ya dawa, ambayo matoleo mengi huichapa kwenye karatasi za kijani, inaitaja klorokwini kama tiba ya malaria. Ilikuwa sahihi wakati ule. Vimelea vilipozoea klorokwini, Kenya iliiacha kama tiba ya kwanza mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, tukahamia dawa za kundi la SP, kama Fansidar, nazo zikachoka, na kuanzia 2006 Tanzania ikaingia kwenye dawa ya mseto, yaani ALu. Kwa hiyo mtu anayemtibu mwanawe malaria leo kwa kitabu cha miaka ya themanini anacheza na roho ya mtoto. Tena siku hizi hatuanzi na dawa. Tangu 2010 WHO inashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, na kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni kinatoa jibu katika muda wa dakika 15 hadi 20. Homa nyingi tunazoziita malaria si malaria.

Jina la kitabu lenyewe limeanza kukosa mahali pake. Kilipoandikwa, shida ya kijiji ilikuwa kukosa dawa. Leo senta nyingi zina duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, na hali imegeuka: dawa ipo, mtu anaagiza nusu dozi ya antibayotiki kama anayenunua vitumbua, anameza hadi mafua yapoe, iliyobaki anamwekea jirani. Antibayotiki haiui virusi vya mafua. Kwa sababu hiyo sura za dawa zisizohitajika zina kazi kubwa zaidi sasa kuliko zilipoandikwa, huku kurasa za vipimo vya dawa zikizeeka.

Kasoro nyingine ni ndogo. Ni kinene, hakikai vizuri kwenye begi la shambani. Faharasa ya mwisho inataka uvumilivu, maana ugonjwa unaweza kuwa umewekwa chini ya jina usilolitumia kwenu. Na asiyependa kusoma kwa kurukaruka atachoka, kwa sababu kila ukurasa unakurusha kwenye mwingine.

Nimeona watu wakitumia fedha nyingi kwa vile vitabu vya afya vyenye karatasi za kung'aa na picha za matunda vinavyopitishwa maofisini kwa malipo ya awamu. Ni vizuri kwa sebule. Vile vya kujiendeleza vinavyopangwa juu ya turubai pale Posta, Dar es Salaam, vya kuamka alfajiri ukawe tajiri, sina ugomvi navyo, ila sisi wa mpunga alfajiri tunaamka tayari.

Kwa mama mwenye watoto wadogo, mwalimu wa shule ya mbali, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au yeyote anayekaa mbali na zahanati, hiki ndicho cha kuanza nacho. Mwenye intaneti asihangaike kutafuta duka: tovuti ya Hesperian ina kurasa za Kiswahili za kusoma bure, na hizo zinafanyiwa marekebisho. Ukikikuta kwa wauza vitabu vya mtumba, kabla hujatoa hela fungua sehemu ya dawa utafute malaria. Kama klorokwini ndiyo ya kwanza na mseto haumo kabisa, omba punguzo.