Mboga za Msimu wa Joto kwenye Soko la Wakulima: Zipi Zinunuliwe Kwanza

Soko la wakulima lina faida moja ambayo duka kubwa haliiwezi, nayo ni ufupi wa safari kutoka shambani hadi kwenye sufuria. Kwa hiyo mboga hapa hazikupangwa kwa bei wala kwa umaarufu wake, bali kwa kiasi cha ladha ambacho kila moja hupoteza tangu inapochumwa. Ile inayopungua ladha upesi ndiyo ya kununuliwa kwa mkulima mwenyewe, na ile inayovumilia kukaa ghalani unaweza kuichukua popote.

Nafasi ya kwanza naipa mahindi mabichi, ingawa najua wengi wangeipa nyanya. Punje ya hindi tamu haitulii baada ya kuvunjwa: sukari yake huanza kugeuka wanga, na kadiri joto linavyozidi ndivyo mabadiliko hayo yanavyokwenda mbio, kiasi kwamba hindi la aina ya kawaida likikaa kwenye nyuzi 30 za Selsiasi linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya sukari yake kwa siku moja. Zipo aina mpya zilizozalishwa ili zitunze utamu kwa muda mrefu zaidi, lakini kwa macho huwezi kuzitambua, hivyo muulize muuzaji yamevunjwa lini. Akisema ni asubuhi hiyo, geuza hindi utazame mkato wa kikonyo: ukiwa bado mweupe na wenye majimaji, jibu lake linaaminika, ukiwa umekauka na kugeuka kahawia, hindi hilo lina umri zaidi ya huo. Ndevu ziwe na unyevu, hata kama ncha zake zimekuwa za kahawia. Usichane maganda ili uchungulie, maana hindi lililovuliwa hukauka na mnunuzi anayefuata hulikataa. Pitisha kidole gumba juu ya maganda mpaka nchani, na mapengo ya punje utayahisi. Ukifika nyumbani, yaweke kwenye jokofu yakiwa na maganda yake na uyapike siku hiyohiyo. Dakika 3 hadi 5 katika maji yanayotokota zinatosha.

Nyanya ni ya pili, na sababu ya kuishusha ni kwamba yenyewe huendelea kuiva baada ya kuchumwa, kwa hiyo ukiipata ikiwa haijakolea rangi hujala hasara. Hata hivyo, nyanya ya kusafirishwa mbali huchumwa ingali ngumu ili isipondeke njiani, na ile iliyoachwa kwenye mche hadi karibu na kuiva huwa na ladha iliyokolea zaidi. Chagua inayolemea mkononi kuliko ukubwa wake, kisha inuse upande wa kikonyo. Mipasuko iliyokwisha kukauka karibu na kikonyo ni dosari ya sura tu. Usiihifadhi kwenye jokofu kabla haijaiva, kwa kuwa baridi iliyo chini ya nyuzi 12 hivi hudumaza harufu yake. Soko linapokaribia kufungwa, ulizia zilizolainika mno, ambazo mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu: zikate nusu, uzikwaruze kwenye kikwaruzo upande wa nyama ukizisukuma kwa kiganja, na ganda litabaki mkononi mwako huku rojo ikiwa tayari kwa mchuzi, bila haja ya kuzimenya kwa maji moto.

Maharage machanga ya kuliwa na maganda yake yanashika nafasi ya tatu pamoja na bamia, na zote mbili hupimwa kwa kuvunja. Ganda la haragwe likikunjwa likatike kwa mlio. Likipinda tu, limechakaa. Ncha ya bamia nayo ivunjike kwa urahisi, na bamia lenyewe lisizidi sentimita 10, kwa kuwa makubwa huwa na nyuzi. Ndimu au siki itiwe kwenye maharage baada ya kuepuliwa, kwani tindikali ikiingia mapema hufifisha ukijani wake. Bamia lioshwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, kisha likaangwe kwa moto mkali. Ute utapungua sana.

Zukini, aina ya boga changa lenye umbo kama tango, ni ya nne. Nunua ndogo, za sentimita 15 hadi 20, na uyaache yale majitu ambayo wauzaji huyapanga mbele kana kwamba ukubwa ni sifa. Ndani yake ni mbegu na maji. Hata iliyo bora ni maji kwa takriban asilimia 95, kwa hiyo ipikwe bila kifuniko, na chumvi itiwe mwishoni.

Biringanya ya kuchukua ni ile yenye ngozi inayong'aa na kofia ya kijani isiyonyauka, ambayo ukiibonyeza hurudi. Hunywa mafuta kama sifongo, na kuichoma kwenye tanuri hupunguza tatizo hilo.

Pilipili hoho huvumilia siku kadhaa, nazo nyekundu ni zilezile za kijani zilizoachwa ziive, ndiyo maana huwa tamu zaidi. Vitunguu na viazi vilivyokauka vizuri vinunuliwe mwisho kabisa, iwapo mkoba bado una nafasi, ila vipangwe chini ya nyanya.