Sato chukuchuku wa Usagara: nimekuja na rula

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi. Mwangaluka kwa mnaotazama asubuhi, mwadila kwa mnaotazama mmetoka kazini. Nipo Usagara, nje kidogo ya Mwanza. Hapa nyuma yangu ndiyo njia panda yenyewe: lori linalokwenda Shinyanga linanyoosha, la Sengerema na Geita linakunja kule. Mkisikia honi msilalamike sauti, ndiyo Usagara hiyo, honi ni sehemu ya chakula.

Kabla sijakaa, tumalize kesi. Video iliyopita, ile ya Igoma, nilimwita sato "perege", kama wanavyomwita Dar. Jamani mmenichapa! Komenti nyingine imeniuliza kama nimezaliwa Mwanza au nimeletwa na basi. Nimezaliwa Kirumba, mama yangu kauza dagaa Mwaloni mpaka mimi namaliza shule. Nilikuwa nimetoka Dar wiki mbili, ulimi ukaambukizwa. Anaitwa sato. Nimetubu. Tuendelee.

Sehemu yenyewe haina jina. Kuna kibao cha soda, jina lililokuwa limeandikwa chini yake limefutwa na jua, limebaki neno HOTELI tu. Mabati juu, mabenchi, meza zina vile vitambaa vya mpira vyenye maua. Choo kipo nyuma, ufunguo unaomba, sabuni nimeikuta. Maji ya kunawa ni ndoo yenye koki, yanatoka. Imetosha, siji hapa kukagua mabati.

Menyu ipo ukutani, chaki, vyakula kumi na vinne nimehesabu. Nikaanza kuuliza. Wali maharage? Umeisha. Saa tano na nusu hii, umeisha! Ndizi nyama? Hatujapika. Kuku wa kienyeji? Dada mhudumu akaniambia, "Kuku wa kienyeji unaagiza jana." Sawa. Nikamwuliza basi kuna nini. Akasema kuna sato, kuna sangara, kuna ugali. Sasa hayo mengine kumi na moja yanafanya nini pale ukutani, ni mapambo?

Lakini sikujali, kwa sababu mimi nilikuja kwa kitu kimoja. Binamu, sogea na kamera. Chukuchuku, samaki wa kuchemsha.

Sikilizeni, na hili nalisema kila siku, leo nataka niwaonyeshe. Ukienda mji usioujua, usiagize samaki wa kukaanga kama unataka kumjua mpishi. Samaki wa kukaanga anaweza kuwa wa juzi. Anatumbukizwa kwenye mafuta mpaka anakuwa kama ubao, anafunikwa na kachumbari, pilipili pembeni, ndimu juu, wewe unasifia. Umesifia mafuta wewe! Chukuchuku hana pa kujificha. Maji, chumvi, ndimu, nyanya, kitunguu, basi. Samaki akiwa amelala siku mbili, mchuzi unakusomea mashtaka kabla hujanyanyua tonge.

Sasa hapa kuna jambo nimelipenda mno, na ndilo limenifanya nisiende Buhongwa kama nilivyowaahidi. Unachagua samaki mwenyewe. Mbichi. Mama mpishi, mimi namwita Mayu maana umri wake ni wa mama yangu, anakuja na beseni anakuwekea mbele yako. Binamu, hapa, karibu zaidi, usiogope shombo.

Angalia jicho. Mnaliona? Limejaa, limetoka nje kidogo, linang'aa, ukitazama unaona weusi wake safi. Huyu mwingine, tuseme ukweli, huyu jicho limeanza ukungu. Siyo kwamba ameoza, hapana, ila ametangulia kutoka majini. Mweke pembeni. Sasa nyanyua shavu, wengine mnaita matamvua. Liwe jekundu, la damu. Likiwa na rangi ya kahawia, rudisha. Hili je? Jekundu kama kanga mpya. Tatu, bonyeza mgongoni kwa kidole. Naondoa kidole... nyama imerudi. Ikibaki shimo, kaagize chai na chapati uondoke kwa heshima.

Mayu ananiangalia hivi ananicheka. Ananiambia, "Mwanangu, unamkagua kama unamwoa."

Nikamwuliza, Mayu, huyu ni wa ziwa au wa kizimba, wale wanaofugwa kwenye nyavu ndani ya ziwa? Akasema wa ziwa, ametoka mwalo wa Kigongo alfajiri. Na mimi namwamini, nawaambia kwa nini. Angalia beseni lote. Wamo wakubwa, wamo wa kati, mmoja mwembamba, mmoja ana kovu ubavuni. Hoteli ukikuta samaki kumi wanalingana kama matofali, hao ni wa vizimba, wamekula chakula kimoja na wamevunwa siku moja. Sina ugomvi nao, vizimba vimejaa ziwani sasa hivi na watu wanapata riziki. Ila kwenye chukuchuku, wa kizimba ana mafuta mengi tumboni, mchuzi unakuwa mzito wa mafuta. Ukimchoma ni mtamu, huyo nitamtetea. Kwenye mchuzi, hapana.

Na hii ni nini? Rula. Rula ya shule, ya mpwa wangu, jina lake limechorwa kwa kalamu hapa nyuma, msisome. Sheria inataka sato asivuliwe akiwa chini ya sentimita 25. Kuna hoteli, siitaji, nilienda mwezi uliopita, nikaletewa sato kwenye sahani kubwa, lettusi nyingi, nikampima: sentimita 17. Mtoto yule! Alitakiwa awe anacheza. Huyu wa leo, kichwa hapa, mkia hapa... rula imeisha. Rula ni ya 30. Ngoja nisogeze. Thelathini na mbili. Binamu, wamemwona? Thelathini na mbili.

Basi amepelekwa jikoni, nikaomba niingie. Jikoni ni nyuma, mafiga matatu na jiko moja la mkaa. Mayu amempara magamba, amemkata vipande vitatu, kichwa amekiacha. Hilo muhimu. Mpishi anayetupa kichwa cha sato, mimi na yeye hatuna mazungumzo. Akakamulia ndimu, chumvi, akaacha kama dakika tano. Sufuria: nyanya chini, kitunguu, samaki juu, maji ya kumfikia mabegani tu, siyo kumzamisha. Pilipili mbuzi moja, nzima, haijapasuliwa. Akafunika.

Na sasa ndiyo mnitazame. Hakukoroga. Hata mara moja. Kila baada ya muda anashika sufuria kwa kitambaa huku na huku, anaitikisa. Nikamwuliza mbona hugusi mwiko, akasema ukikoroga unauza uji wa samaki. Na unajuaje ameiva, Mayu? Akafunua mfuniko akanionyesha jicho. Lilikuwa linang'aa lile, sasa limekuwa jeupe, gumu, kama gololi. Hana saa, hana simu mkononi, anapika kwa jicho la samaki.

Nimekula hoteli nyingi za mji huu. Kuna wenzetu wenye chaneli kubwa kuliko yangu, siwataji, wao kila wiki wapo kando ya ziwa, nyuma linaonekana Jiwe la Bismarck, mezani sato wa kukaanga na juisi ina kimwavuli, na neno ni moja: "tamu sana". Hata siku moja hujasikia mmoja wao amesema hiki kimezidi chumvi. Mimi nalipa mwenyewe. Ndiyo maana nina watu elfu tisa na wao wana laki. Haya, jiungeni basi, tufike elfu kumi, nanunua maikrofoni nyingine, hii ya sasa ilidondoka kwenye supu ya Igoma na mnaisikia inavyokoroma.

Nimekaa. Dakika arobaini na tano tangu niagize. Mwenye haraka asije. Sahani hiyo.

Naanza na mchuzi, peke yake, kijiko. Mmh. Ngoja. Mmh! Binamu, onja, weka kamera chini kidogo onja. Ndimu ipo lakini haipigi kelele. Ile pilipili haijapasuka, kwa hiyo harufu imeingia, moto haujaingia. Shombo hakuna. Narudia, hakuna. Mbavuni nyama inatoka kipande kizima ikiwa na ngozi. Na kichwa... kichwa nakiacha mwisho, msinihukumu kwa sauti nitakazotoa.

Ugali. Hapa nilitaka kulalamika. Mimi ni mtu wa dona, na hapa wameleta ugali wa udaga. Kwa wageni wetu wa Dodoma na Arusha: udaga ni muhogo uliovundikwa, ukaanikwa, ukasagwa. Una rangi ya kijivu, unavutika, una harufu yake. Tonge la kwanza nikasema aa, huu mzito, unanibana kifuani. Nimeshaandika kwenye simu hapa, someni, "ugali: nne kwa kumi". Lakini angalia. Dona ukichovya kwenye mchuzi mwepesi kama huu linalegea, linameguka, unabaki unavua makombo. Huu unauchovya, unakunja shimo kwa dole gumba, unabeba mchuzi kama kijiko na haumwagi tone. Unaona? Haumwagi. Nafuta ile nne. Weka saba. Nikila tena jioni pengine itapanda.

Sasa bei, maana najua nusu yenu mmerukia hapa.

Sato huyu na ugali wake nimeambiwa elfu kumi na tano. Sawa, samaki mkubwa. Ila kuna jambo. Binamu yangu alitangulia bila kamera, amevaa kandambili, akauliza samaki wa saizi hiyohiyo kwenye beseni hilohilo. Akaambiwa elfu kumi! Kumi! Mimi nimekuja na kamera na kofia hii, imepanda elfu tano. Mizani hakuna. Samaki anapimwa kwa macho, na anayepimwa siyo samaki, ni wewe.

Nikamfuata Mayu, kwa adabu, nikamwambia Mayu, mbona huyu kijana umemwambia kumi? Wala hakukasirika. Akavuta kigoda akakaa. Akaniambia yeye kauza samaki pale kivukoni Kigongo miaka kumi na moja. Mnaokumbuka kivuko mnajua. Mabasi ya Geita na Bukoba yamepanga foleni, abiria wameshuka, kina mama wana masinia kichwani, samaki, mayai, mahindi, wanakimbilia madirishani. Mteja hana pa kwenda, kivuko kipo ng'ambo, njaa inauma. Bei unasoma usoni kwake. Halafu likaja daraja, la J.P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu, likazinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Mabasi hayasimami tena. Yanapita vuu. Yeye akafunga sinia akasogea huku njia panda, ambako magari yanapunguza mwendo.

Mimi daraja nimelifurahia, nina shangazi Sengerema, zamani kwenda kumwona ilikuwa safari ya kuaga nyumbani. Lakini sikuwahi kufikiria foleni ile ilikuwa inalisha watu wangapi. Hapo nikapoa kidogo. Kidogo tu! Nikamwambia, Mayu, foleni imeisha, na bei ya foleni nayo iishe. Huku mteja akichukia anavuka barabara tu, kuna hoteli tatu. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Nimelipa elfu kumi na mbili na binamu amepewa kikombe cha mchuzi bure.

Kwa hiyo ukija hapa: uliza bei kabla hujagusa beseni. Usije na kofia. Lipa namba ipo lakini imebandikwa nyuma ya mlango, mimi mtandao ulinigomea, beba fedha taslimu. Kufungasha wanafungasha, ila leta hotipoti yako, maana mchuzi kwenye mfuko wa karatasi ni hasara, na rambo ilipigwa marufuku tangu 2019, usimlazimishe dada wa watu atafute. Na njoo kabla ya saa sita. Saa saba wale madereva wa malori wameshachagua wenye macho mazuri, unabaki na yule wa ukungu.

Sangara sijamwonja leo. Dagaa hawakuwepo, mbalamwezi hii imekaa vibaya, wavuvi wa dagaa wanasubiri giza ndiyo taa zao zivute. Giza likirudi nakuja kwa dagaa.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, Kisesa, kuna bibi karibu na Bujora nimeambiwa anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, na maziwa ya mgando, na mnisahihishe mapema kama kuna jina ninalotakiwa kulitamka vizuri. Buhongwa mnanidai, najua, msinikumbushe.

Wabeja sana, Mayu! Eeh, nitarudi. Na kofia nitaiacha nyumbani. Binamu, haisi hiyo imeandikwa Buhongwa, kimbia kaishike. Kimbia! Kamera nitazima mim