Soli za Kuinua Unyayo au Mazoezi ya Miguu Mitupu?
Mzazi wa Malindi ambaye mtoto wake mwanajimnastiki ana nyayo bapa na viungo vinavyopinda kupita kiasi huwa na njia mbili: kumnunulia soli za ndani zinazoinua tao la unyayo, yaani upinde wa katikati ya unyayo, au kumfanyisha mazoezi ya kuimarisha misuli.

Soli huweza kupunguza maumivu, lakini hazijengi tao. Isitoshe, jimnastiki huchezwa miguu mitupu, na mtoto wa pwani akitoka shuleni huvaa ndara, kwa hiyo soli hubaki ndani ya kiatu cha shule.

Mazoezi hayahitaji kununua chochote, ila yanadai subira ya miezi. Mtoto hujiinua taratibu kwa vidole, husimama kwa mguu mmoja, kisha huvuta sehemu ya mbele ya unyayo kuelekea kisigino bila kukunja vidole. Kwa mwenye viungo vilegevu faida yake ni kubwa zaidi, kwa sababu kano zake hazikazi kiungo vya kutosha na ni misuli inayopaswa kufidia. Kumnyoosha zaidi ili apendeze watazamaji, kwa maoni yangu, ni kumdhulumu. Mchanga wa ufuoni hufaa kwa kujifunza kujisawazisha, si kwa kutua kutoka juu, maana kifundo cha mguu huweza kuteguka.

Ikiwa mtoto hana maumivu, na tao hujitokeza anaposimama kwa vidole, ningechagua mazoezi pekee. Mwenye maumivu, au mwenye unyayo uliokakamaa, aonwe na daktari kwanza, hata kabla ya soli kununuliwa.